Mpinzani Akiugua, Mechi Isubiri

Wasikilizaji wetu wa Karambi, wa Bwera, wa Mpondwe, na nyinyi mnaotusikia kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha upande wa Kasindi, jioni hii nawaomba masikio yenu tuzungumze juu ya mechi ambayo haikuchezwa kwa sababu timu ya upande wa pili ilipatwa na ugonjwa.

Nimelileta jambo hili sasa kwa sababu kila vijana wetu wanapotaka kuanza mashindano ya vijiji, makatibu hukaa chini na madaftari yao wakaandika kanuni. Huandika ada ya kuingia, muda wa mechi, adhabu ya kumtukana refa, faini ya timu inayochelewa. Habari ya maradhi humezwa na mstari mmoja mfupi: timu isiyofika uwanjani imepoteza. Mimi nasema mstari huo ni wa hatari, hasa kwetu sisi tunaoishi mpakani, na naomba mnivumilie nieleze sababu zangu.

Turudi kwanza mwaka 2020. Tarehe 18 Machi Rais Museveni alitangaza kufunga shule na kuzuia mikusanyiko. Siku tatu baadaye, tarehe 21, mgonjwa wa kwanza wa korona akathibitishwa nchini. Mpaka wa Mpondwe ukafungwa kwa abiria, yakabaki kupita malori ya mizigo. Viwanja vikaota nyasi. Mwezi Mei FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ikaufunga msimu, na Vipers wakakabidhiwa ubingwa wa ligi baada ya mechi 25 kati ya 30, kwa kuwa ndio waliokuwa juu ya msimamo. Msimu uliofuata ukaanza Desemba bila mashabiki, nao haukufika mwisho: Juni 2021 nchi ilifungwa mara ya pili, na Express wakapewa kombe wakiwa wamecheza mechi 26. Misimu miwili mfululizo bingwa wa Uganda alipatikana kwa hesabu ya msimamo, mechi za mwisho zikiwa bado ziko kwenye karatasi.

Hata hivyo, nchi nzima ikisimama hakuna anayemwonea mwenzake. Wote mmekaa nyumbani, wote mnangoja. Tabu inaanza pale ligi inapoendelea, timu moja ni nzima na nyingine ina wagonjwa. Hapo ndipo mtu analazimika kuamua: tungoje, au tuhesabu magoli?

Chukueni habari ya KCCA, klabu ya Kampala. Desemba 2020 walikwenda Kigali kucheza na AS Kigali katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kanuni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakati ule ilitaka kila timu iwe na wachezaji wasiopungua 15 waliopimwa na kuonekana hawana virusi, yaani 11 wa kuanza na wanne wa akiba. Majibu ya vipimo yaliporudi, KCCA hawakufikia idadi. Hawakupangiwa tarehe nyingine. AS Kigali wakapewa ushindi wa mezani, mabao 2-0. Januari 2021 timu zikakutana Uganda, KCCA wakashinda 3-1. Jumla ikawa 3-3, na goli moja la ugenini likawavusha Wanyarwanda.

Yale mabao mawili ya Kigali hayakufungwa na mguu wa mtu yeyote. Hakuna aliyepiga shuti, hakuna kipa aliyeruka. Lakini ndiyo yaliyoitoa timu ya Kampala mashindanoni. AS Kigali hawana kosa hapa. Walifika uwanjani, walifuata sheria iliyokuwepo. Ninayemlaumu ni aliyeandika sheria, kwa sababu aliiandika kana kwamba mtu aliyeambukizwa ametenda kosa.

Miezi miwili baadaye, katika mashindano yale yale, Namungo ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, Tanzania, ilisafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto. Mechi ilipangwa tarehe 14 Februari 2021. Wakubwa wa Angola wakasema watu wanne kwenye msafara, wachezaji watatu na kiongozi mmoja, wamekutwa na korona. Timu ikazuiliwa, ikawekwa karantini, mechi ikafutwa. Siku zile wengi tulidhani Namungo nao wameshakwisha, kwamba yatawapata yale yaliyowapata KCCA. CAF safari hii ikaamua vingine: mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Tarehe 21 Februari Namungo wakashinda 6-2. Tarehe 25 Namungo wakafungwa 3-1. Jumla 7-5, na kiklabu kutoka mji mdogo wa kusini kikaingia hatua ya makundi ya Afrika.

Najua kesi hizi mbili hazifanani kwa kila kitu. KCCA walipungukiwa na watu. Namungo walizuiwa na serikali ya nchi waliyoitembelea. Lakini niambieni, mchezaji aliyelala karantini Kigali na yule aliyelala karantini Luanda, yupi kati yao alichagua kuugua? Mmoja timu yake ilingojwa ikapata nafasi ya kucheza mpira. Mwingine timu yake ilihukumiwa kwenye karatasi. Mashindano yale yale, msimu ule ule.

Na kuna waliofanyiwa magumu kuliko hao. Ndugu zetu wa Comoro, wale wa visiwani ambao ukiwasikiliza wakizungumza unaokota maneno mengi ya Kiswahili, mwaka 2022 ndio walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Tarehe 18 Januari waliifunga Ghana 3-2 na kuitoa mashindanoni. Wakapangwa na wenyeji, Cameroon, raundi ya mtoano, uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, tarehe 24. Kabla ya mechi korona ikaingia kambini kwao. Kipa mmoja alikuwa ameumia, makipa wawili waliobaki wakakutwa na virusi. Kanuni ya mashindano ilisema timu yenye wachezaji 11 wazima lazima icheze, iwe na kipa au isiwe naye.

Basi beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavishwa jezi ya kipa. Nyuma ya jezi ile walibandika utepe kuunda namba yake, namba 3, kwa sababu jezi ya kipa yenye namba hiyo haikuwepo. Mtu mfupi kwa kipimo cha makipa, mguu ndio uliomlea, akasimama golini mbele ya washambuliaji wa Cameroon na uwanja mzima. Dakika ya saba kapteni wa Comoro, Nadjim Abdou, akapewa kadi nyekundu. Kumi tu, bila kipa! Na bado wale vijana walipambana. Alhadhur aliokoa mipira ambayo hata kipa wa kazi angejisifu nayo. Dakika za mwisho Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali sana, ukaingia. Cameroon 2, Comoro 1.

Dunia nzima iliwapigia makofi, nami niliwapigia. Lakini makofi yakiisha tuulize: kulikuwa na haraka gani? Timu iliyosubiri miaka yote hiyo kufika pale ilishindwa kusubiriwa siku mbili tatu? Mpaka leo nikiikumbuka mechi ile, furaha ya ushujaa wao inachanganyika na hasira. Waandaaji waliogopa kuharibu ratiba ya televisheni na ya raundi inayofuata, ndivyo nionavyo mimi, na gharama yote ya hofu hiyo ikamwangukia beki wa kushoto.

Sasa wapenzi wa ligi ya Uingereza, na najua mko wengi, maana Arsenal ikifungwa, Bwera inanyamaza, mtaniambia kule Ulaya wenzetu waliweza. Waliweza kiasi. Tazameni Tottenham. Desemba 2021 walikuwa na wachezaji wanane na wafanyakazi watano walioambukizwa. Mechi yao ya ligi dhidi ya Brighton, tarehe 12, ikasogezwa mbele, ikaja kuchezwa Machi, wakashinda 2-0. Lakini mechi ya tarehe 9, ya Ulaya, dhidi ya Rennes ya Ufaransa, ilipokosa tarehe nyingine kabla ya mwaka kwisha, UEFA iliwapa Rennes ushindi wa 3-0 na Tottenham wakatoka. Klabu moja, ugonjwa mmoja, wiki moja: nyumbani wakangojwa, ng'ambo wakahukumiwa.

Halafu ikaja upande wa pili wa shilingi, nao lazima tuuseme kwa haki. Kanuni ya ligi yao ilikuwa kwamba timu isiyo na wachezaji 13 wa ndani na kipa mmoja inaweza kuomba mechi iahirishwe. Januari 2022 Arsenal waliomba mechi yao na Tottenham ya tarehe 16 iahirishwe, wakakubaliwa. Wakati ule walikuwa na mchezaji mmoja tu aliyejulikana kuwa na korona. Wengine walikuwa majeruhi, au wana adhabu, au wamekwenda na timu zao za taifa Afrika. Watu wakapiga kelele, na mimi naona walikuwa na haki ya kupiga kelele. Kuanzia Februari ligi ikawa na kanuni mpya: lazima wawepo wagonjwa wa korona wasiopungua wanne ndipo uombe. Kiporo kile kikachezwa tarehe 12 Mei, Tottenham wakashinda 3-0, na msimu ulipokwisha wakawa nafasi ya nne, pointi mbili juu ya Arsenal.

Kwa hiyo sheria legelege inaleta ujanja. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini sheria kali inaleta jambo baya zaidi ya ujanja, na jambo hilo sisi watu wa Bwera tunalijua kuliko CAF na kuliko UEFA.

Mnakumbuka Ebola. Agosti 2018 ilitangazwa Kivu Kaskazini, kule Mangina na Beni, ikafika Butembo, ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa imekwisha Juni 2020. Beni na Butembo ni kwa shangazi zetu, ni kwa wakwe zetu. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule wanatenganishwa na mto ambao kiangazi unauvuka kwa miguu. Juni 2019 familia moja ilirudi kutoka kumuuguza na kumzika mzee wao Kongo, ikapita njia ya panya. Tarehe 11 Juni mtoto wao wa miaka mitano akathibitishwa kuwa na Ebola akiwa hapa hapa hospitali ya Bwera. Akafa. Mdogo wake na bibi yao nao wakafa. Mwezi Agosti mwaka ule ule, msichana wa miaka tisa alipita Mpondwe penyewe, kwenye kituo rasmi, akapimwa joto, akaonekana ana homa, akatengwa mara moja. Naye Mungu alimchukua, lakini ugonjwa haukupata nafasi ya kuenea kwetu.

Sisemi haya kuilaumu familia ile. Nani kati yetu asingemfuata baba yake anayekufa? Nasema haya kwa sababu yanaonyesha kitu: anayeogopa kuzuiwa hupita njia ya panya. Aliyepita mlangoni alionekana, na waliomgusa wakajulikana. Kazi yote ya wahudumu wa afya miezi ile, wale waliosimama juani na vipimajoto na ndoo za maji ya klorini, ilikuwa kumshawishi mtu mwenye homa ajitokeze mwenyewe bila hofu.

Sasa ingiza jambo hilo kwenye mpira wa kijijini. Kapteni ana vijana 14. Ijumaa usiku watatu wana homa na kikohozi. Anajua akisema, kesho pointi tatu zimekwenda, na ada waliyochanga tangu kuvuna kahawa imepotea. Atafanya nini? Atanyamaza. Atawanywesha tembe za kutuliza homa, na kesho saa tisa watapanda lori moja na wenzao, bega kwa bega, kutoka Karambi hadi kiwanja cha jirani. Mliowahi kupanda lori hilo mnajua mnavyobanana: wachezaji, mashabiki, ngoma, watoto waliodandia nyuma. Wakifika watavaa jezi ambazo wiki iliyopita zilivaliwa na timu nyingine, maana seti ni moja. Mapumziko watakunywa maji kwenye jagi moja, kikombe kimoja cha plastiki kinapita mdomo hadi mdomo, kipa hadi mshambuliaji, na mara nyingine wapinzani nao wanaomba kwa sababu yao yamekwisha. Mechi ikiisha wanakumbatiana. Jumapili wako kanisani au harusini, Jumanne wako soko la Mpondwe.

Hiyo ndiyo njia ya panya ya mpira, na aliyeichimba ni katibu, siku ile alipoandika kwenye daftari kwamba timu isiyofika imepoteza.

Mzee mmoja aliyewahi kusimamia mashindano ya vijana alinipinga vikali nilipomweleza haya. Akasema: ukiwaruhusu kuahirisha, kila timu dhaifu itaugua siku ya kucheza na timu kali. Ana hoja, na yale ya Arsenal yanamuunga mkono. Ndiyo maana nasema asiamue kapteni, wala asiamue mpinzani. Kituo cha afya kipo, muuguzi yupo, kila kijiji kina wahudumu wake wa afya wa kujitolea na watu wanawajua kwa majina. Barua fupi ya muuguzi inayosema kuna wachezaji kadhaa wa timu hii hawafai kucheza wiki hii inatosha. Isitaje jina la mgonjwa wala maradhi yake, kwa sababu nimewahi kusikia jina la kijana likitangazwa kwenye kipaza sauti uwanjani kwamba ndiye aliyeleta korona, na kijana yule alihama kijiji kwa aibu. Hilo lisirudiwe popote.

Jambo la lori nalo lisipuuzwe, maana ndipo ugomvi mkubwa unapotokea. Timu ya wageni imeshachanga, imeshamlipa dereva, imefika kiwanjani, ndipo inaambiwa wenyeji wanaumwa. Watu wameshapigana kwa sababu hiyo. Taarifa lazima itolewe jioni ya kuamkia siku ya mechi, kwa simu, kwa katibu na kwa kapteni wa wageni, kabla dereva hajapokea fedha. Timu iliyotoa taarifa mapema isidaiwe hata shilingi. Iliyonyamaza mpaka wageni wakafika, hiyo ilipe lori, na hapo sioni huruma. Mechi ipangwe upya ndani ya wiki mbili. Ikishindikana mara ya pili, timu zigawane pointi. Mabao ya mezani kwa sababu ya maradhi yasiwepo kabisa.

Pengine kuna anayesema: korona imekwisha, barakoa zimetupwa, huyu anatuchosha na mambo ya zamani. Ndugu yangu, ni katika wilaya hii hii ya Kasese ambapo mwaka 2024 wagonjwa wawili wa kwanza wa mpox nchini Uganda waligunduliwa, huku huku Mpondwe, sampuli zikichukuliwa hospitali yetu ya Bwera. Mpox huenea kwa kugusana ngozi, na sijui mchezo gani una kugusana kuliko kona inapopigwa na watu kumi wamekabana golini. Kabla yake ilikuwa korona, na kabla ya korona Ebola. Sisi tuko mlangoni, maradhi yakitoka upande wowote yanabisha kwetu kwanza. Kijana wa Kampala anaweza kusubiri FUFA imwandikie kanuni. Wa Karambi hana sababu ya kusubiri. Daftari analo, kalamu anayo.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho jioni hii nayapeleka kwa makatibu wa mashindano, kwa walimu wa michezo wa shule zetu, na kwa wenyeviti wa vijiji mnaoombwa kuweka sahihi kabla kiwanja hakijatumika. Msisaini daftari ambalo halina kifungu cha ugonjwa. Mwiteni muuguzi wa kituo chenu aje akae kwenye kikao cha kanuni, hata kwa nusu saa. Na nyinyi makapteni, mkisikia wapinzani wenu wana wagonjwa, msidai pointi. Wapigieni simu, wapeni pole, kubalianeni tarehe nyingine, na mechi hiyo mwende mkaicheze.